Umbea Kazini: Mwongozo Kamili wa Kulinda Jina Lako Bila Kupoteza Kazi

Swali ni moja, wanaoniuliza ndio hubadilika. Leo ni karani wa hapa Nakuru, kesho mwalimu wa Bungoma, keshokutwa mama wa samaki Kisumu. "Wamenichafulia jina kazini, nifanyeje?" Namwambia asijibu kwanza, aandike. Anakubali. Asubuhi yake ananitumia skrinshoti ya maneno aliyomwaga usiku kwenye grupu la kazi: aya tatu, herufi kubwa tupu, na emoji ya moto mwishoni.

Hapo umbea umeshageuka ugomvi. Umbea una mkosaji mmoja, ugomvi una wawili. Na bosi akiitwa kuamua ugomvi, humwadhibu yule ambaye maneno yake ameyasoma kwa macho yake.

Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyeajiriwa au aliyejiajiri anayesemwa jambo lisilo kweli, na jambo hilo limeanza kugusa kazi yake. Kama linalosemwa ni kweli, unahitaji ushauri wa aina nyingine, na mwingi wake ni kunyamaza.

Usiruke hatua. Hatua ya 2 ndiyo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayobeba zingine zote.

## Mahitaji

Tafuta hivi kabla ya kumwambia mtu yeyote neno:

- Daftari dogo la kurasa 96, jipya. Likae nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.
- Kalamu ya wino. Penseli hufutika, na wakili wa upande wa pili atakuuliza kuhusu hilo.
- Simu yenye nafasi, pamoja na barua pepe ambayo nenosiri lake unalikumbuka.
- Bahasha kubwa ya kaki.
- Nakala za barua zako: ya kuajiriwa, ya kupandishwa cheo, ya onyo kama ipo, na hati za mshahara za miezi sita iliyopita.
- Mia mbili au tatu za kuchapishia saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti.
- Mtu mmoja wa kumwambia yote, asiyefanya kazi unapofanya wewe na asiyemjua bosi wako. Shangazi, dada, rafiki wa kanisani. Mmoja tu. Ukiwaambia watatu, umefungua tawi la pili la umbea, na wewe ndiye meneja wake.

## Hatua ya 1: Kaa siku mbili bila kujibu

Hii naijua kwa sababu niliivunja.

Nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa msimamizi wa stoo katika duka moja la jumla hapa mjini. Wiki ya tatu, wakati wa chai ya saa nne, msichana wa kufunga mizigo alikuja kuniomba sukari. Alipopewa akaanza kukoroga chai yangu badala ya yake. Nikajua kuna jambo. Akasema huku anaangalia kikombe: "Madam, usiniweke ndani, lakini wanasema barua yako iliandikwa Naivasha."

Naivasha. Yaani hotelini, wikendi, na mkurugenzi.

Mara ya mwisho nilifika Naivasha kwa harusi ya binamu yangu. Damu ilinipanda. Nikaenda choo cha nyuma, nikaweka stetasi kwa WhatsApp: "Wanaoandikia watu barua Naivasha, Mungu anawaona." Kufikia saa saba, watu waliokuwa hawajasikia chochote walikuwa wanauliza Naivasha kuna nini. Jioni nikaangalia orodha ya walioiona stetasi. Wateja walikuwemo. Mke wa mkurugenzi alikuwemo.

Kwa nini siku mbili? Umbea mwingi hufa wenyewe ukikosa kuni, na jibu lako ndilo kuni. Pia katika siku mbili hizo watakuletea maneno mengine bila kuwauliza, na hayo utayahitaji.

Onyo: kunyamaza hakumaanishi kujificha. Nenda kazini, salimia wote, kula pale unapokula siku zote. Ukikosa kazini siku mbili, watasema umeenda Naivasha.

Umefaulu ukiona: siku mbili zimepita, simu yako haina neno lolote lako kuhusu jambo hilo, na hujamuuliza mtu yeyote "nani amesema?"

## Hatua ya 2: Andika sentensi yenyewe, neno kwa neno

Watu huniambia "wananisengenya", "wananionea wivu", "wananipaka matope". Hizo ni hisia zako kuhusu sentensi, na sentensi yenyewe bado hujanipa. Umbea haushikiki mpaka uwe na maneno yake halisi.

Kwenye daftari, kila tukio lipate mistari mitano:

1. Tarehe na saa.
2. Mahali: chumba cha chai, lango, matatu ya kwenda Free Area, grupu la WhatsApp.
3. Maneno yenyewe, kwa lugha yaliyosemwa. Kama yalisemwa kwa Kiluo au Kikuyu, yaandike hivyo hivyo, halafu chini yake maana kwa Kiswahili.
4. Nani aliyasikia. Tenga uliyoyasikia kwa masikio yako na uliyoletewa.
5. Kilichofuata kazini baada ya hapo. Kama hakuna, andika "hakuna".

Halafu gawa sentensi hizo mafungu matatu. Kuna tusi: "anaringa sana". Kuna maoni: "hafai kuwa msimamizi". Na kuna dai la jambo: "alipewa kazi kabla ya usaili", "alionekana hotelini", "amekula pesa za chama cha akiba". Tusi na maoni yaache yapite, hata yakiuma, kwa sababu hakuna karatasi duniani inayothibitisha kwamba mtu haringi. Shughulika na dai la jambo peke yake. Dai lina tarehe, mahali au kiasi cha pesa, na vyote hivyo huacha alama mahali fulani.

Wiki mbili nzima nilikuwa nakimbizana na midomo. Jioni moja nikakaa na daftari nikaandika sentensi yote jinsi ilivyosemwa: "barua yake iliandikwa Naivasha." Nikajiuliza swali la kijinga: kwa nini Naivasha? Kwa nini si Nairobi, au hapo Milimani tu?

Nikatoa barua yangu kwenye bahasha. Ilikuwa na tarehe 3. Usaili tulifanya tarehe 6, na barua nilikabidhiwa tarehe 9. Tarehe 2 hadi 4 mkurugenzi alikuwa Naivasha kwa semina, na ofisi nzima ilijua. Mtu aliyeweka barua kwenye faili aliona tarehe, akapiga hesabu, akapata hadithi. Karani alikuwa amechapa barua juu ya barua ya zamani akasahau kubadilisha tarehe. Basi.

Sikuwa na adui niliyemdhania. Nilikuwa na barua yenye tarehe mbaya.

Si kila umbea una kosa la karatasi chini yake. Lakini tafuta kwanza. Uliza sentensi yako: kwa nini jambo hili, kwa nini mahali hapa, kwa nini wiki hii?

Umefaulu ukiona: una sentensi moja, au mbili, ambazo unaweza kumsomea mgeni akaelewa unadaiwa nini bila wewe kueleza.

## Hatua ya 3: Jua nani anashika mkate wako

Chora mistari miwili kwenye ukurasa upate vyumba vitatu. Cha kwanza: wanaoamua kazi yako, yaani bosi, HR (idara ya wafanyakazi), mteja mkubwa, mwenyekiti wa soko. Cha pili: wanaokugusa moyo, yaani mume, mama, mchungaji. Cha tatu: watazamaji.

Utajibu vyumba viwili vya kwanza. Cha tatu hakijibiwi kamwe, na ndicho chenye watu wengi.

Mume mwambie mapema, kwa kinywa chako, kabla hajaambiwa na mwanamume mwenzake pale wanapochoma nyama. Mpe sentensi yenyewe na unachofanya kuihusu. Usimpe majina, wanaume wengine huamua kuja kazini "kuongea", na hapo utakuwa na kesi mbili.

## Hatua ya 4: Hifadhi kilicho kwenye simu

Fanya hili siku ile ile unayoona ujumbe. Stetasi hupotea baada ya saa 24, na mtu anaweza kufuta ujumbe wake kwa kila mtu.

- Piga skrinshoti inayoonyesha jina la grupu, tarehe, saa na ujumbe wa kabla na wa baada. Sentensi iliyokatwa peke yake haina nguvu.
- Kama namba umeisevu kwa jina, piga picha nyingine ya ukurasa wa mtu huyo unaoonyesha namba. Jina ulilosevu ni lako. Hata mimi naweza kusevu namba ya fundi wa viatu kwa jina la gavana.
- Tumia sehemu ya kuhamisha mazungumzo, uyatume kwa barua pepe yako.
- Sauti zilizorekodiwa zihifadhi kama faili, kisha andika daftarini maneno yake na dakika yanapotokea.
- Usiuze wala kubadilisha simu hiyo. Jambo likifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataka cheti kinachoeleza picha ilitoka kwenye kifaa gani na ilichapishwa vipi.

Onyo: usiingie kwenye simu ya mtu mwingine kutafuta ushahidi, hata ameiacha wazi mezani. Utakuwa umetenda kosa ili kuthibitisha umbea. Na usimtume rafiki ajifanye anakubaliana nao ili waseme zaidi. Ikijulikana, utaonekana wewe ndiye uliyeichochea.

## Hatua ya 5: Kusanya karatasi zinazojibu sentensi

Soma hii mara mbili: usithibitishe usafi wako. Thibitisha tarehe.

Ukianza kueleza kwamba wewe ni mke wa mtu, kwamba umeokoka, kwamba unalala saa tatu, umekubali kushtakiwa kwa tabia yako. Hakuna anayeweza kushinda kesi hiyo, kwa sababu wanaosikiliza wako pale kwa starehe yao. Dai la jambo hujibiwa na jambo.

Sentensi yangu ilisema nilikuwa Naivasha tarehe 3. Daftari la kupokelea mizigo lilisema tarehe 3 nilipokea magunia 60 ya sukari asubuhi na unga alasiri, sahihi yangu iko mara mbili, na ya dereva kando yake. Nikaomba nakala ya kurasa hizo. Nikaomba pia orodha ya waliokuwa kwenye jopo la usaili. Tulisailiwa watu wanne na jopo la watu watatu, na mkurugenzi hakuwa mmoja wao.

Pamoja na barua yenyewe, karatasi tatu. Sikuhitaji kutaja ndoa yangu.

Tafuta zako kulingana na dai:

- "Alipewa cheo kwa njia ya mkato": tangazo la kazi, mwaliko wa usaili, barua, vyeti vyako, tathmini za kazi za mwaka.
- "Haji kazini, yuko na mtu": daftari la kuingia na kutoka, ripoti ulizotuma zenye saa.
- "Amekula pesa": taarifa ya M-Pesa. Piga *334#, iagize kwa barua pepe, uichape. Risiti, na daftari la mweka hazina lenye sahihi.

Nakala moja nyumbani kwenye bahasha, moja kwa yule mtu wako mmoja.

Onyo: usitoe nje nyaraka za siri za mwajiri. Omba nakala kwa ruhusa. Ukinyimwa, andika daftarini uliomba lini na kwa nani.

## Hatua ya 6: Zungumza na mmoja, kama inafaa

Hatua hii si ya lazima. Ifanye tu kama unajua kwa hakika nani alisema, umetulia, na mtu huyo hana mamlaka juu yako. Akiwa ni bosi wako, ruka uende hatua ya 7.

Chagua mahali panapoonekana lakini pasiposikika: kando ya lango, benchi la nje. Asubuhi, kabla ya kazi kuchangamka. Dakika tatu zinatosha.

Mimi nilimwendea karani. Yalikuwa hivi:

"Dada, una dakika mbili?"

"Ndiyo, madam."

"Nimeambiwa ulisema barua yangu iliandikwa Naivasha. Sijaja kugombana. Tazama." Nikamwonyesha barua, kidole kwenye tarehe. "Usaili ulikuwa lini?"

Akanyamaza. Akahesabu. "Tarehe sita."

"Basi hii tatu imetoka wapi?"

Akaishika karatasi akaileta karibu na macho. "Haki ya Mungu. Hii ni tarehe ya ile barua ya Njoro." Ndiyo aliyochapia juu yake.

Sikumwomba aombe msamaha. Nilimwomba mambo mawili: barua irekebishwe, na akisikia tena Naivasha aseme alivyoona. La pili lilifanya kazi kuliko chochote ambacho mimi ningesema, kwa sababu yeye ndiye chanzo.

Si kila mtu ataishika karatasi hivyo. Wengi watakana: "Mimi? Nimesikia tu." Usibishane. Sema: "Sawa. Basi nakuomba likikufikia tena, liishie kwako." Ondoka. Rudi ukaandike daftarini.

Onyo: usiende na shahidi wa upande wako. Watu wawili wakimkabili mmoja, hadithi inayobaki ni kwamba ulimvamia.

## Hatua ya 7: Andika barua kwa mkuu wako

Barua huandikwa kama kazi imeshaguswa: walio chini yako wanakataa maagizo, mteja ameondoka, umenyimwa zamu, umeitwa kujieleza. Malalamiko ya mdomo hujibiwa "achana nao", na mkuu mwingine atakutupia "lisemwalo lipo" kana kwamba methali ni ushahidi. Barua iliyopokelewa inamlazimu kujua.

Andika Kiingereza kama ndiyo desturi ya ofisi, lakini usiogope Kiswahili. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inakifanya lugha rasmi. Mfano:

> Tarehe: ……
> Kwa: Meneja wa Wafanyakazi
>
> KUH: MANENO YASIYO YA KWELI KUHUSU UTEUZI WANGU
>
> Kwa heshima, naripoti kwamba tarehe …… saa ……, katika chumba cha chai, nilisikia ikisemwa kwamba "……". Maneno hayo si ya kweli. Naambatisha nakala za …… na …….
>
> Tarehe ……, wafanyakazi wawili wa zamu yangu walikataa kupakia mzigo niliowaagiza wakirejelea maneno hayo, na gari likachelewa kwa saa mbili.
>
> Naomba (1) barua yangu irekebishwe tarehe na nakala iwekwe kwenye faili. (2) wafanyakazi wa stoo waelezwe jinsi uteuzi ulivyofanyika. (3) nijibiwe kwa maandishi kufikia tarehe …….
>
> Sahihi

Ona kilichokosekana: machozi, wivu, Mungu, na neno "umbea". Ona kilichopo: saa mbili za gari kuchelewa. Bosi huamka kwa saa mbili za gari. Na omba vitu vinavyofanyika. Ukiomba "haki itendeke" hakuna atakayejua aanzie wapi.

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri au isainiwe imepokelewa lini. Usiisambaze. Malalamiko kwa mtu mwenye wajibu wa kuyashughulikia, yakiandikwa bila nia mbaya, sheria huyakinga. Ukiituma kwenye grupu la watu 80, kinga hiyo inaweza kukuponyoka, na wewe ndiye utashtakiwa kwa kumchafua mwenzako.

Mambo mawili ya Sheria ya Ajira ya 2007 uyashike. Kifungu cha 6 kinahesabu maneno ya kingono, ya kusemwa au kuandikwa, kutoka kwa mwajiri au mfanyakazi mwenzako, kuwa yanaweza kuwa unyanyasaji wa kingono, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na sera kuhusu hilo. Omba kuiona. Kifungu cha 41 kinasema huwezi kufutwa kwa utovu wa nidhamu kabla ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoielewa na kusikilizwa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiitwa ghafla uingie chumba chenye mameneja watatu, uliza kwa upole: "Naweza kuja na mwenzangu?"

Umefaulu ukiona: una nakala yenye muhuri, na tarehe ya jibu imeandikwa kwenye kalenda yako.

## Kama kazi yako ni soko au ufuo

Huku hakuna HR. Kuna wateja, na mteja haulizi. Anapita tu meza yako aende ya pili.

Umbea mzito zaidi nimeusikia Kisumu, kwa mama wanaochukua samaki ziwani. Mazoea ya jaboya, ambapo mvuvi hutaka mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki, yanajulikana ufuoni kote. Kwa sababu yanajulikana, mwanamke akipata ngege wazuri siku tatu mfululizo huandikiwa hadithi hiyo hata kama alilipa kila shilingi. Mama mmoja aliniambia hakuna aliyemtukana. Walianza tu kumwita "mke wa mashua", huku wanacheka, mbele ya wateja wa hoteli.

Ushauri wangu kwake ulikuwa wa kuchosha: lipa mvuvi kwa M-Pesa, hata samaki wa mia tano. Andika kila siku kilo, bei, mashua. Mwezi mmoja baadaye alikuwa na ukurasa wa kumwonyesha mnunuzi wa hoteli aliyeanza kusitasita, na wa kuionyesha kamati ya BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, alipopeleka malalamiko. Mnunuzi alibaki. Jina la utani halikuisha lote, nisikudanganye.

Kama mvuvi anakulazimisha kweli, huo si umbea wa kusafisha. Piga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure, usiku na mchana.

Kwa mweka hazina wa chama mambo ni rahisi zaidi. Chapa taarifa, isome mkutanoni mstari kwa mstari, omba mtu mwingine ahesabu, na hakikisha katibu ameandika kwenye kumbukumbu kwamba hesabu imekubaliwa. Usisubiri uulizwe.

## Hatua ya 8: Kabla ya kusema "tutaonana kortini"

Watu huitamka sentensi hii wakiwa hawajui iko korti gani.

Polisi: mnamo Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kosa la jinai la kashfa, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, linakiuka Katiba. Ndiyo maana askari atakuambia hilo ni la madai. Lakini umetishiwa maisha au kipigo? Andikisha kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Mtu amesambaza picha zako za faragha? Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 37: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote.

Mahakama ya Madai Madogo: haisikilizi kesi za kashfa. Wengi hupoteza nauli hapa. Kesi ya kashfa huenda mahakama ya kawaida, chini ya Sheria ya Kashfa, Sura ya 36.

Muda: una miezi 12 tangu maneno yasemwe au yaandikwe. Si miaka mitatu kama madai mengine mengi ya madhara. Ndiyo sababu tarehe ni mstari wa kwanza daftarini.

Unachothibitisha: kwa maneno ya mdomo, kawaida lazima uonyeshe hasara uliyopata. Yale yaliyolenga kukushusha katika kazi au biashara unayoifanya hayahitaji hilo. Na kama maneno ni ya kweli, mshtakiwa ana utetezi kamili.

Ajira: kama umefutwa kwa sababu ya uvumi, hiyo ni kesi tofauti, ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina vituo Nakuru na Kisumu. Pande za ziwa, ofisi ya FIDA, shirika la mawakili wanawake, iliyoko Kisumu husaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Anza na barua ya wakili ya kudai maneno yafutwe na msamaha uombwe. Mara nyingi huishia hapo. Kesi nzima ni ndefu, ni ghali, na utakaa kizimbani ukirudia ile sentensi kwa sauti, mbele ya watu, huku karani anaandika. Jiulize kama unaiweza.

## Hatua ya 9: Miezi mitatu inayofuata

Usitangaze ushindi. Barua yangu iliporekebishwa nilitaka kuibandika ubaoni. Shangazi yangu, ndiye aliyekuwa mtu wangu mmoja, akaniuliza: "Unataka wasome tarehe, au wakumbuke Naivasha?" Nikairudisha kwenye bahasha.

Fanya vitu vidogo vinavyoacha alama: maagizo kwa maandishi, mikutano na wakubwa mlango ukiwa wazi au mkiwa watatu, barua zako kuangaliwa tarehe siku unayozipokea. Hili la mwisho ningeliweka hatua ya sifuri kama ipo.

Utaketi tena na waliokusema. Salimia, fanyeni kazi, usile nao siri. Si lazima urafiki urudi.

Kila Ijumaa fungua daftari. Kama hakuna jipya, andika tarehe na neno "hakuna". Zikifika "hakuna" kumi na mbili mfululizo, liingize kwenye bahasha ya kaki pamoja na nakala zako, andika juu yake tarehe ambayo miezi 12 itakwisha, uiweke juu ya kabati.